Chumba cheupe, chumba cha kijani: somo la vivumishi vya rangi

Mwezi uliopita tulipaka rangi upya chumba cha mama, hapa Lubumbashi. Dada yangu alitaka kuta nyeupe. Mimi nilitaka za kijani. Nikashinda, nikamwambia fundi: «Nunua rangi ya majani.» Akanunua, akapaka. Jioni ile umeme ulikatika. Mama, ambaye macho yake yamechoka, akawasha mshumaa, lakini hakuweza kutofautisha dawa zake. Akaniambia: «Mwanangu, chumba hiki kimekuwa cheusi.»

Nilitaka kumsahihisha: si cheusi, ni cha kijani. Kisha nikakumbuka sarufi.

Kiswahili kina vivumishi vitatu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi hupatana na nomino moja kwa moja: ukuta mweupe, kuta nyeupe, chumba cheupe. Rangi nyingine nyingi huazima jina la kitu na kuunganishwa kwa -a: ukuta wa kijani, kuta za kijani. Kijani ni jani dogo. Kahawia imetoka kwenye kahawa. Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walisema kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na haya haya matatu.

Tena, -eupe na -eusi hupima mwanga. Kukipambazuka tunasema kumekuwa kweupe. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoufikia. Ukuta wa kijani kilichokolea humeza sehemu kubwa. Kwa hiyo mama alisema sawasawa. Yeye alipima mwanga, mimi nilitaja majani.

Na majani yapi? Hapo kosa lilikuwa langu, si la fundi. Jani changa la mgomba halifanani na jani la mwembe lililokomaa. Jina la kuazima huhitaji neno la kulifafanua: kijani kibichi, kijani hafifu, kijani kilichokolea. Mimi sikuliongeza, na fundi akachagua mwembe.

Tulipaka nyeupe mara tatu ndipo kijani kikafichika, na pesa zilitoka mfukoni mwangu. Sasa mama anazijua dawa zake hata kwa mshumaa.

Wanafunzi wenzangu, kabla ya kusahihisha Kiswahili cha wazazi wetu, tuulize kwanza wanapima nini.