Dondoo muhimu: Kivuli cha boti ya matanga
Kabla ya kuingia Kariakoo kutafuta turubai:

• Pima ukiwa botini. Nahodha asimame penye usukani. Kati ya utosi wake na bomba la kushikilia kivuli ibaki shubiri moja, na tanga ligeuke bila kukigusa kivuli.

• Chagua kitambaa cha akriliki. Cha pamba huota ukungu.

• Fundi ashone kwa uzi wa poliesta na zipu ya plastiki. Uzi wa pamba huoza, zipu ya chuma hula kutu.

• Mabomba yawe ya chuma cha pua aina ya 316. Ya 304 huwahi kushika kutu penye chumvi.

• Katikati ya kivuli painuke, maji ya masika yasituame.

• Plastiki angavu ya mbele, kinga dhidi ya rasharasha za kusi, iviringishwe, isikunjwe.