Kiunzi cha Ukuta: Mambo Yanayofichwa na Lipu

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama nyumba zetu, hasa kuta zake. Hapa Iyula, kama kwingineko Mbozi, mtu akiuza kahawa na kubakiwa na fedha kidogo, fikira yake ya kwanza ni nyumba. Wengi wetu hujenga kidogo kidogo: mwaka huu matofali, mwaka ujao msingi, mwaka wa tatu mabati. Yafaa jasho hilo lisipotee kwa kusahau jambo moja, nalo ni kiunzi.

Kiunzi ni mifupa ya ukuta. Wazee wetu walikijua vizuri. Katika nyumba ya miti na udongo, nguzo huchimbiwa chini, fito hufungwa kwa kamba, na juu hulazwa mbati ya kubebea paa. Udongo hukandikwa mwisho. Ardhi ikitikisika, udongo hupasuka na kudondoka, lakini miti hupinda na kurudi. Adui wa nyumba hiyo ni mchwa na unyevu, kwa maana nguzo huanza kuoza miguuni.

Siku hizi twajenga kwa matofali ya kuchoma, na ni vema. Tofali halili mchwa wala halishiki moto. Lakini lina tabia yake: hustahimili sana uzito unaolikandamiza kutoka juu, wala halistahimili kuvutwa au kusukumwa kutoka ubavuni. Ukuta wa matofali usio na kitu cha kuufunga ni kama kuni zilizopangwa bila kamba. Husimama vizuri mpaka siku ya kusukumwa.

Je, siku hiyo yaweza kufika kwetu? Ndiyo. Tunakaa karibu na Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko kubwa, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Desemba 2009 matetemeko yalibomoa nyumba nyingi huko Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17. Mara nyingi si tetemeko lenyewe linaloua, bali ukuta ulioanguka.

Basi, mwenye kujenga na azingatie mambo haya:

1. Pembe ziwe mraba. Pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kutoka ncha hadi ncha ipatikane mita 5 kamili. Pembe ikipotoka, kenchi na mabati havitakaa sawa, na mvua itaingia.

2. Matofali yapishane, hasa kwenye pembe, ili ukuta mmoja uushike mwingine. Yaloweshwe kwanza, yasinyonye maji ya udongo au saruji.

3. Mlango au dirisha lisikaribie pembe. Acha sentimeta 60 au zaidi.

4. Juu ya madirisha na milango upite mkanda wa zege, ambao mafundi huuita lenta. Uzunguke nyumba yote bila kukatika, pamoja na kuta za ndani. Nondo nne za milimita 12, zilizofungwa kwa ringi, zinatosha nyumba ya kawaida. Kwenye pembe nondo zipinde na kuendelea, zisikatwe. Zinapoungana zipishane sentimeta 60. Zege limwagiwe maji kwa siku saba.

5. Asiyeweza zege atumie mbao mbili zilizolazwa ndani ya ukuta na kuunganishwa kwa vipande, kama ngazi iliyolala. Zipakwe dawa ya mchwa.

6. Mbati ifungwe kwenye lenta kwa waya au nondo iliyoachwa kabla zege halijakauka. Upepo wa mvua huinua paa lisilofungwa.

7. Ule ukuta wa pembetatu unaofika kileleni mwa paa ni wa kwanza kuanguka. Ni afadhali paa la pande nne, au sehemu hiyo ifungwe kwa mbao.

Wengine husema, "Lenta ni ghali, tuiweke mbele tu." Mkanda usiozunguka haufungi kitu. Ni heri kupunguza chumba kimoja kuliko kupunguza kiunzi. Chumba chaweza kuongezwa baadaye. Nondo haiingizwi ndani ya ukuta uliokwisha kupigwa lipu.

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi sote. Lipu na rangi huonwa na kila mgeni; kiunzi hakionwi na mtu. Tunapomjengea mjane nyumba kwa kujitolea, au tunapokuwa mafundi kwenye nyumba ya mwingine, ni rahisi kupunguza pale pasipoonekana. Mwenye nyumba hawezi kukagua, naye atalala humo na watoto wake kwa kutuamini. Uaminifu wetu hupimwa papo hapo.

Maswali ya mazungumzo

1. Je, nyumba yako ina mkanda unaozunguka kuta zote?

2. Kabla ya kumwaga zege, nani hukagua nondo?

3. Ni nyumba ipi ya jirani mzee au mjane ambayo tungeweza kuiimarisha pamoja kabla ya mvua?