SOMO: BUIBUI WA MANYOYA NA UYOGA WA MSITUNI



Siku moja hapa Gakindu tulikuwa tukichimba mashimo ya nguzo za boma la mbuzi. Buibui mkubwa wa manyoya akatoka ardhini. Kelele, majembe, akauawa. Kando yetu mama mmoja ameweka mfuko wa uyoga aliouchuma chini ya misonobari. Hakuna aliyeuliza, "Ni uyoga gani huo?" Basi tukaketi, tukavilinganisha hivi viwili.

Buibui: Katika jamii hii yumo Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, mwenye rangi ya kutu. Huishi shimoni na hula wadudu. Ukimchokoza huinua miguu ya mbele na kutoa sauti ya mkwaruzo, yaani anakuonya. Akiuma, maumivu ni makali na mahali pale huvimba. Lakini hakuna kifo kinachojulikana kutokana na sumu yake.

Uyoga: Unaoua watu wengi kuliko wote duniani ni Amanita phalloides. Una kofia ya kijani-manjano, mikunjo myeupe chini yake, pete kwenye shina, na kikombe kilichofichika udongoni. Hukaa kwenye mizizi ya mialoni na misonobari. Ulitoka Ulaya pamoja na miti, ukafika hata Afrika Kusini. Wenyewe hautoi onyo: ladha yake ni nzuri, na kuupika hakuondoi sumu. Nusu ya uyoga mmoja yaweza kuua mtu mzima. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa 6 hadi 12 au zaidi. Halafu mgonjwa hupata nafuu, ati amepona, kumbe ini linaharibika.

Tushike haya:
1. Uyoga usioujua kwa hakika, usile. Kuona mnyama ameula si kipimo.
2. Aliyekula akaumwa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga, hata kama amepata nafuu.
3. Buibui mwacheni aende. Akiuma, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, nenda zahanati.
4. Kikundi kinachotaka uyoga kinunue mbegu na kuukuza kwenye majani makavu.

Maswali ya kujadili:
- Ni nani kati yetu anayeujua vizuri uyoga wa kichuguu? Watoto wamefundishwa?
- Ni kitu gani kingine tunachokiogopa bure, huku tukikumbatia chenye hatari?