Chaza na Matumbawe Hai Nyumbani: Nunua Maji Kwanza, Mnyama Baadaye

Chaza mkubwa anayeuzwa akiwa hai kwa ajili ya tangi la nyumbani mara nyingi hatoshi hata kukijaza kiganja. Ukingo wa nyama yake hung'aa kwa rangi ya samawati, kijani au zambarau. Mnunuzi humtazama, humpenda, huulizia bei, naye muuzaji humtia katika mfuko wa plastiki wenye maji. Wiki chache baadaye mnyama amekufa, maji ya tangi yamechafuka, na matumbawe yaliyokuwa kando yake yameanza kufa. Mnunuzi hurudi dukani akilalamika kwamba ameuziwa mnyama mgonjwa. Yamkini ni kweli. Lakini yawezekana pia kwamba kosa lilitendeka mapema zaidi, pale alipomnunua mnyama kabla ya kuyaandaa maji yake.

Somo hili linakusudia kumwezesha msomaji kufanya mambo matatu: kukadiria gharama kamili kabla ya kutoa fedha, kumkagua mnyama na hati zake dukani, na kuilinda afya ya jamaa zake nyumbani.

1. Mnyama anayeishi kwa mwanga

Matumbawe si mawe wala mimea. Ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi, na matumbawe magumu hujijengea mifupa ya chokaa chini ya miili yao. Chaza wakubwa wa jenasi ya Tridacna nao ni wanyama, wenye magamba mawili. Chaza hawa na matumbawe mengi wana mpangaji: ndani ya nyama yao huishi mwani wa chembe moja usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu ya sukari hiyo humlisha mwenyeji.

Kwa sababu hiyo, kwa wanyama hawa mwanga si pambo bali ni chakula. Taa hafifu huwaua polepole kwa njaa. Joto likizidi, matumbawe humtoa mpangaji wao na kugeuka meupe. Ndiko kupauka kulikoipata miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto lisilo la kawaida. Jambo hilohilo huweza kutokea katika tangi la sebuleni kwa siku chache tu, iwapo kifaa cha kupoza maji kitaharibika wakati wa kiangazi.

Aidha, wanyama hawa hujenga magamba na mifupa yao kwa kalsiamu iliyomo majini. Baharini kalsiamu hiyo haiishi. Katika tangi huisha, na ni wajibu wa mwenye tangi kuirudisha.

Uliza daima jina la kisayansi la chaza unayeuziwa, kwa maana ukubwa hutofautiana mno. Tridacna crocea hufikia takriban sentimita 15, Tridacna maxima huweza kupita sentimita 30, na Tridacna squamosa hukaribia sentimita 40. Tridacna gigas hupita mita moja na uzito wa kilo 200; huyo hana nafasi katika nyumba yoyote, hata kama leo anatosha kiganjani.

2. Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Tuchukue mfano wa tangi la lita 200. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Tangi hilo litahitaji karibu kilo 7 za chumvi maalumu ya akwaria ili kuanza. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa haina madini mengine yanayohitajika. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, yaani lita 20, utatumia gramu 700 za chumvi kwa wiki, sawa na zaidi ya kilo 36 kwa mwaka.

Sasa tuutazame umeme. Taa za wati 150 zikiwaka saa 10 kwa siku hutumia uniti 1.5. Pampu na vifaa vingine vya jumla ya wati 60, vikifanya kazi usiku na mchana, hutumia uniti 1.44. Jumla ni uniti 2.94 kwa siku, au karibu uniti 88 kwa mwezi wa siku 30, bila kuhesabu kifaa cha kupoza maji. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya uniti unayolipa nyumbani kwako, kisha ongeza bei ya chumvi, vipimo vya maji na madini ya nyongeza. Iwapo jumla hiyo inakutisha, umejua ukweli kabla ya kupoteza fedha, na hilo ni faida.

3. Maji na muda

Maji mapya, hata yakiwa safi kama kioo, hayako tayari kupokea mnyama. Uchafu wa viumbe hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga. Baada ya hapo, anza na matumbawe laini ambayo huvumilia makosa. Kwa chaza, tunakushauri usubiri angalau miezi sita tangu tangi lianze kufanya kazi.

Viwango vya kulenga ni hivi:

- Joto: nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi.
- Chumvi: takriban gramu 35 kwa lita.
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita.
- Magnesiamu: takriban miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita.
- Amonia na naitraiti: sifuri.

Uthabiti una uzito kuliko ukamilifu. Kalsiamu iliyotulia kwenye miligramu 400 ni bora kuliko ile inayopanda na kushuka kila siku.

Makosa manne hurudiwa mara kwa mara. La kwanza ni kufidia maji yaliyokauka kwa kuongeza maji ya chumvi. Maji hupanda kuwa mvuke, lakini chumvi hubaki; kwa hiyo fidia kwa maji baridi yaliyosafishwa. La pili ni kutumia maji ya bomba moja kwa moja, ilhali huweza kuwa na klorini na shaba. La tatu ni kutumia dawa ya samaki yenye shaba ndani ya tangi lenye chaza au matumbawe. Dawa hiyo huweza kumponya samaki na kuwaua hawa wengine wote. La nne ni kutojiandaa kwa siku umeme unapokatika. Pampu zikisimama, hewa majini hupungua upesi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inunuliwe pamoja na tangi, wala isisubiri kukatika kwa kwanza.

4. Kumkagua mnyama dukani

Chaza mwenye afya huutandaza ukingo wa nyama yake hata ukapita mdomo wa gamba. Pitisha mkono juu ya tangi ili kivuli kimwangukie; anapaswa kushtuka na kujikunja. Asiposhtuka, au akiwa amebaki wazi sana hata tundu lake la kuvutia maji limepanuka kupita kiasi, usimnunue. Tazama pia ukingo wa gamba: ukanda mweupe mpya ni dalili kwamba anakua. Chunguza magamba kwa konokono wadogo wenye ukubwa wa punje ya mchele, kwa kuwa baadhi yao humfyonza chaza nyakati za usiku.

Chini ya gamba chaza hutoa nyuzi za kujishikiza mwambani. Muuzaji akimng'oa kwa nguvu, huweza kumjeruhi jeraha la kumuua siku kadhaa baadaye. Omba nyuzi zikatwe kwa wembe, au mnyama auzwe pamoja na kijiwe alichokishika.

Kwa matumbawe, kagua kitako. Kipande kilichokuzwa kwenye tangi kwa kawaida hugundishwa kwenye kitako cha kauri au saruji, na baada ya muda nyama yake hukitambalia kitako hicho. Kipande chenye jeraha jipya la kuvunjwa, kisicho na dalili yoyote ya kushika kitako, huenda kimekatwa juzi tu, ama kimetolewa mwambani.

5. Amezaliwa wapi?

Hapa ndipo chaza na matumbawe yanapoachana. Matumbawe mengi huweza kukatwa kipande, kipande kikagundishwa kwa supaglu, nacho kikakua kuwa kundi jipya. Jirani huweza kumgawia jirani, na tangi moja likazaa matangi kumi pasipo mwamba kuguswa.

Chaza hakatwi. Yeye huzaana kwa kumwaga mbegu na mayai majini, na watoto wake huelea kwa takriban wiki nzima kabla ya kutua chini. Kazi hiyo huhitaji kituo maalumu, kama kile cha Palau katika Pasifiki kilichokuza chaza kwa wingi katika miaka ya 1980. Hivyo, kila chaza aliyemo dukani ana asili mbili tu zinazowezekana: ama amelelewa kituoni, ama ametolewa mwambani. Kumuuliza muuzaji swali hili si udadisi wa bure. Ndilo swali lenyewe.

Chaza wote wakubwa wa jamii hii na matumbawe yote magumu wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Maana yake ni kwamba mnyama akivuka mpaka lazima awe na kibali kutoka nchi anakotoka. Katika kibali hicho, tafuta herufi ya asili: W humaanisha ametolewa porini, C amezalishwa chini ya uangalizi wa binadamu, na F amezaliwa chini ya uangalizi huo bila kutimiza masharti yote ya C. Kibali cha kusafirisha nje hudumu kwa miezi sita. Karatasi ya miaka mingi iliyopita haiwezi kumhalalisha mnyama aliyefika mwezi huu.

Msomaji wa pwani anaweza kujiuliza kwa nini alipe fedha, ilhali Tridacna maxima na Tridacna squamosa wamo katika miamba yetu, nao huonekana maji ya bamvua yanapokupwa. Jibu ni kwamba ndani ya hifadhi za bahari ni kosa kumwondoa kiumbe pasipo ruhusa, na kwingineko viumbe hawa hulindwa na sheria za uvuvi na za wanyamapori. Isitoshe, chaza huhitaji majirani walio karibu ili mbegu na mayai vikutane. Wakiondolewa mmoja mmoja, wanaobaki huendelea kuishi lakini hawazai.

6. Usalama wa waliomo nyumbani

Baadhi ya matumbawe laini yenye umbo la vifungo, yaitwayo zoantha, hubeba palitoksini, sumu kali mno. Usiyashike ukiwa na kidonda. Vaa glavu na miwani ya kinga unapoyakata. Kamwe usichemshe wala kumwagia maji ya moto jiwe lenye matumbawe hayo, kwa kuwa mvuke wake huweza kuwafikisha hospitali watu wote waliomo nyumbani. Akitokea mtu mwenye kupumua kwa shida, kutapika au macho kuuma baada ya kazi hiyo, mtoe nje penye hewa na umpeleke hospitali mara moja, ukieleza kilichotokea.

Maji ya chumvi hupitisha umeme vyema. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili matone yaangukie sakafuni. Mwombe fundi umeme aliyesajiliwa afunge kikata umeme kinachozima chenyewe pale umeme unapovuja.

Mwisho, usimwachilie baharini mnyama wala mwani wa tangi, hata kwa huruma. Mwani uitwao Caulerpa taxifolia ulionekana mwaka 1984 katika Bahari ya Mediterania, karibu na jumba la viumbe vya bahari la Monaco, kisha ukaenea katika pwani za nchi kadhaa.

7. Iwapo mambo yatakwenda kombo

Dai risiti yenye jina la kisayansi, ukubwa, tarehe, bei na asili ya mnyama, pamoja na masharti ya dhamana kwa maandishi. Mnyama akifa, mpige picha, yapime maji siku hiyohiyo na uandike matokeo. Mlalamikaji mwenye risiti na vipimo ana hoja. Asiye navyo ana huzuni tu. Iwapo unashuku kwamba mnyama ameingizwa nchini bila kibali, toa taarifa kwa ofisi ya uvuvi au ya wanyamapori iliyo karibu nawe.

Maswali ya kujipima

1. Tangi lako ni la lita 120. Utahitaji chumvi kiasi gani kuanza, na kiasi gani kila wiki ukibadilisha asilimia 10 ya maji?
2. Maji ya tangi yamepungua kwa kukauka. Utaongeza maji ya aina gani, na kwa nini?
3. Muuzaji anasema chaza wake "amekatwa kutoka kwa chaza mwingine". Kauli hiyo inakuambia nini juu ya muuzaji huyo?