Iulize mashine yenyewe kabla hujatoa hela

Kompyuta mpakato za mtumba ndizo zinazotufaa wengi wetu, nami nazipenda kwa dhati. Mashine iliyotunzwa ofisini kwa miaka mitano bado ina kazi nyingi mbele yake. Shida ni stika. Stika hubandikwa na anayetaka kuuza, na anayeuza ana haraka. Kwa hiyo ninapomsindikiza ndugu au rafiki kununua kompyuta Kariakoo, stika siisomi. Nachomeka flashi yenye Ubuntu, nawasha mashine kupitia flashi hiyo, nafungua terminali, kisha naiuliza yenyewe ina nini tumboni.

Dell na Lenovo nyingi ukibonyeza F12 zinapowaka tu, zinakupa orodha ya kuchagua. Kwa HP ni Esc, halafu F9. Chagua flashi, kisha ujaribu Ubuntu bila kuisakinisha. Usiposakinisha, diski ya muuzaji inabaki ilivyo. Terminali inafunguka kwa Ctrl+Alt+T. Unaandika amri, unabonyeza Enter, unasoma jibu. Humo herufi kubwa na ndogo hazilingani, kwa hiyo andika amri zangu kama zilivyo. Ukikosea, mshale wa juu unakurudishia amri iliyopita uirekebishe.

Prosesa haichukui muda. Andika `lscpu`, tafuta mstari wa Model name. Kwenye Intel za aina hii, tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: i7-4600U ni kizazi cha 4, i5-8250U ni cha 8. Hiyo i7 ina viini 2, hiyo i5 ina viini 4. Anayelipa zaidi kwa sababu ameona tu "i7" anaumia bure.

RAM ni `free -h`. Mashine ya GB 4 huonyesha pungufu kidogo, kwa kuwa sehemu fulani imeshachukuliwa na picha za kioo, hujaibiwa. Kisha andika:

`sudo dmidecode -t memory`

Hapo unaona nafasi za RAM ziko ngapi, ipi ina kitu na ipi ni tupu (itaandika No Module Installed), na kama ni DDR3 au DDR4. Hili la mwisho lina uzito, kwa sababu DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. Pengo lililokatwa kwenye meno yake liko mahali pengine, na ukilazimisha utavunja. Nafasi moja ikiwa tupu mimi hufurahi, kwani mwenye mashine ataongeza RAM baadaye bila kutupa aliyonayo.

Sasa diski, na hapa usiwe na haraka. Kompyuta nyingi zinazolalamikiwa kuwa nzito hazina ubaya wa prosesa. Zina diski ya kuzunguka. Hiyo husoma takriban MB 100 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA inafika kama 500. Andika:

`lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,MODEL`

Tazama safu ya ROTA. 1 ni diski ya kuzunguka, 0 ni SSD. Muuzaji akisema "SSD hiyo, bosi" na safu ikasema 1, mwonyeshe kioo kwa upole, kisha mzungumze bei upya. Flashi yako nayo itakuwa kwenye orodha. Itambue kwa ukubwa wake.

Jambo linalofuata ni afya ya diski. Washa intaneti ya simu, sakinisha kifaa cha kupimia kwa `sudo apt install smartmontools`, halafu:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Badala ya sda weka jina ulilolipata kwenye lsblk. Likianza na nvme, jibu litakuwa na sura tofauti, usome Percentage Used. Kwa diski ya kuzunguka nasoma mistari mitatu. Power_On_Hours ni saa ilizowaka: 20000 ni zaidi ya miaka miwili mfululizo. Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, namba ya mwisho wa mstari, nataka ziwe 0. Zikipanda, diski imeanza kufa, na picha za harusi na kazi za chuo zitakufa nayo. Diski ya hivyo siipokei hata kwa bei ya kutupa, isipokuwa mashine yenyewe ni nzuri na tumeshapiga hesabu ya SSD mpya.

Betri:

`upower -i $(upower -e | grep BAT)`

Linganisha energy-full na energy-full-design. Ya kwanza ikiwa nusu ya ya pili, betri imebaki nusu.

Amri nilizotaja zinasoma tu, ukiacha ile ya kusakinisha. Yeyote akikuletea amri yenye `rm` au `dd` usiyoielewa, usiiandike, maana hizo zinaweza kufuta diski nzima bila kukuuliza mara mbili.

Kabla ya kuzima, piga picha ya kila jibu kwa simu. Ubuntu ya kwenye flashi kwa kawaida haitunzi ulichokifanya, na fundi wa kuongeza RAM atataka kujua aina kamili.