SOMO LA WAFANYAKAZI: NANI MSALITI, NA NANI SI MSALITI?

Ndugu mfanyakazi,

Somo letu la leo ni la maneno. Usidhani kwamba maneno ni kazi ya walimu peke yao. Wewe unayefanya kazi shambani unajua kuwa panga linalokata miwa laweza pia kukata mtu. Neno nalo ni hivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Wafanyakazi wanaokaa Mutakura wamegoma kiwandani wakidai mshahara. Mgomo umekwisha, na jioni wamekaa pamoja kuzungumza. Watu watatu wanatajwa.

Wa kwanza alirudi kazini siku ya tatu ya mgomo. Mtoto wake alikuwa hospitali na dawa zilitaka pesa. Wa pili alirudisha kadi ya sendika mbele ya watu wote, akajiunga na sendika nyingine. Wa tatu alikuwa mjumbe. Alihudhuria kila mkutano, kumbe usiku alimpelekea mkubwa wa kiwanda majina ya waliosema.

Wote watatu wakaitwa jina moja: wasaliti. Je, ni haki? Kabla ya kujibu, tuyapime maneno yenyewe.

MSALITI. Ni mtu aliyeaminiwa, kisha akawatoa wenzake au siri yao kwa adui. Neno hili lina sehemu mbili: kuaminiwa, na kutoa. Ikikosekana moja, hapana usaliti. Neno la Kifaransa traître nalo limetoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya kukabidhi.

HAINI. Hili ni neno la sheria na mahakama. Uhaini ni kosa la kupindua au kuiuza nchi, na watu wamenyongwa kwa ajili yake. Mambo ya kiwandani hayalihitaji.

MURTADI. Ndugu zetu Waislamu wa Buyenzi wanalijua vizuri. Ni neno la Kiarabu, nalo humtaja mtu aliyetoka katika Uislamu. Linasema kwamba ametoka. Halisemi kwamba amemwuza mtu.

MWASI. Ni mtu anayekataa kutii, naye hukataa waziwazi. Lakini angalia ni nani anayesema. Mfanyakazi anayegoma kwa haki, mkubwa wake naye humwita mwasi.

MNAFIKI na MZANDIKI. Mnafiki husema ndiyo kwa mdomo, na moyoni ni hapana. Mzandiki ni neno lililosafiri mbali. Kwa Waarabu lilimtaja mtu aliyeshtakiwa kuwa imani yake ni potofu. Katika Kiswahili limekuwa tusi la mwongo mwenye hila. Hivyo ndivyo shtaka la dini linavyogeuka kuwa tusi la sokoni.

NDUMILAKUWILI, KIBARAKA na MAMLUKI. Wa kwanza ni kama yule nyoka asemwaye kuwa ana vichwa pande zote mbili: huku anauma na huku anauma. Kibaraka hutumiwa na bwana wake. Mamluki, kwa Kiarabu, ni mtu anayemilikiwa. Waliitwa hivyo askari watumwa. Leo ni askari wa kukodiwa, au mtu aliyepenyezwa katika chama ili akivunje.

Wafanyakazi wa nchi nyingine wana maneno yao. Mwaka 1899 huko Montceau-les-Mines, mji wa migodi Ufaransa, iliundwa sendika ya kupinga wagomaji. Sendika za namna hiyo zikaitwa za njano, na mpaka leo Mfaransa anayevunja mgomo huitwa jaune, yaani wa njano. Waingereza humwita gaga la kidonda.

Sasa tufikiri. Wakristo wanajua habari za usiku ule mmoja. Yuda alipokea vipande thelathini vya fedha akamtoa bwana wake. Petro aliogopa, akamkana mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Wote wawili walianguka, lakini hakuna anayewaita kwa jina moja. Yuda alisaliti. Petro alikana, akalia, akarudi, na baadaye akawaongoza wenzake. Kama wangalimfungia mlango, wangalimpoteza kiongozi.

Sisi wa Burundi tunajua zaidi ya wengine uzito wa neno hili. Katika Kirundi, abamenja lilikuwa neno la zamani la kuwataja walioinuka dhidi ya mfalme. Mwaka 1972, baada ya uasi ulioanza tarehe 29 Aprili huko kusini, neno hilo lilibandikwa watu wengi mno, hasa Wahutu: walimu, makarani, wanafunzi, wafanyakazi. Walichukuliwa makazini na mashuleni, na wengi hawakurudi. Hawakuulizwa walifanya nini. Neno lilitosha. Mwaka 2015 vijana wa Mutakura walipoandamana, maandamano yao nayo yaliitwa uasi. Kwa hiyo mfanyakazi asilirushe neno la namna hii kama jiwe gizani.

Kabla ya kumwita mtu msaliti, uliza maswali matatu. Je, aliaminiwa? Je, alitoa kitu au mtu kwa siri? Je, tuna ushahidi, na yeye mwenyewe amesikilizwa?

Turudi kwa watu wetu. Wa kwanza hakumtoa mtu. Alishindwa na njaa na ugonjwa. Tujiulize sisi: sanduku la kusaidiana wakati wa mgomo lilikuwa wapi? Kurudi kwake kunatuonyesha kuwa sanduku lilikuwa tupu. Wa pili amehama, na alihama mchana kweupe. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1948, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1993, unampa mfanyakazi haki ya kuingia chama anachokichagua mwenyewe. Tunaweza kumshawishi arudi, lakini tusimtukane. Wa tatu, kama ushahidi upo, huyo ndiye msaliti. Naye asikilizwe mkutanoni, avuliwe ujumbe, na mambo yaishie hapo. Nyumba yake isiguswe, wala watoto wake wasizomewe.

Sendika inayomwita kila mtu msaliti, siku msaliti wa kweli atakapokuja haitakuwa na neno la kumwita.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kukana, kuhama na kusaliti? Toa mfano wa kila kimoja kutoka mahali pako pa kazi.
2. Je, kuna mwenzetu tuliyempa jina baya bila kumsikiliza? Nani ataenda kuzungumza naye?
3. Sanduku letu la kusaidiana lina kiasi gani leo?

Umoja ni nguvu.