Mhubiri Aliyejifunza Utabibu

Albert Schweitzer alizaliwa mwaka 1875 katika nchi ya Alsace, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Alipokuwa na miaka 21 aliazimia hivi: mpaka miaka 30 atafuata elimu na kinanda, kisha atawatumikia watu. Akawa mhubiri, tena mwalimu wa elimu ya Mungu huko Strasbourg. Mwaka 1904 akasoma katika gazeti la misheni ya Paris ya kuwa watenda kazi wamepungua Gabon. Mwaka uliofuata akaketi tena pamoja na wanafunzi, ajifunze utabibu. Rafiki zake wakastaajabu sana.

Kwa nini utabibu? Mwenyewe aliandika ya kuwa kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa maneno, naye sasa alitaka kutenda pasipo kusema. Neno hili latugusa sisi walimu, tupendao kunena! Wakuu wa misheni nao walishuku mafundisho yake. Basi akaahidi kuganga tu, asihubiri.

Mwaka 1913 akafika Lambaréné pamoja na mkewe Helene, aliyejifunza uuguzi. Chumba chao cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku la zamani. Hazikupita siku nyingi, wamisionari wa huko wakamfungulia ahadi ile, wakamwomba ahubiri.